Gharama za Matengenezo ya Kawaida ya Mashine ya Boti ya Matembezi: Mwongozo kwa Wamiliki wa Kigoma

Mtu anayetaka kununua boti ndogo ya kutembelea Ziwa Tanganyika huuliza bei ya boti, bei ya mashine na pengine bei ya petroli, lakini ni mara chache kumsikia akiuliza matengenezo ya kawaida yatamgharimu kiasi gani kwa mwaka. Swali hilo huja baadaye, mashine inapogoma kuwaka pale Katonga au Bangwe siku ambayo wageni wamekwisha kupanda, na wakati huo jibu huwa ghali. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzijua gharama hizo mapema, kuzipangia fedha na kuzipunguza bila kuidhulumu mashine. Unahusu zaidi mashine za petroli zinazofungwa nyuma ya boti, zenye nguvu za farasi kati ya 25 na 115, kwa kuwa ndizo zinazofaa kwa boti nyingi za aina hiyo.

Jambo moja linapaswa kueleweka tangu mwanzo. Mashine ya boti ya abiria inayotoka Kibirizi kwenda vijiji vya kaskazini hufanya kazi karibu kila siku, kwa hiyo huchakaa kwa kazi. Boti ya matembezi hukaa wiki nyingi bila kuguswa, na mashine yake huharibika zaidi kwa kukaa: petroli hugeuka gundi ndani ya kabureta, mpira wa pampu ya maji hukakamaa, na unyevu huingia mahali ambapo oili ilikauka. Ndiyo maana mmiliki hawezi kusema kwamba mwaka huu hakuitumia sana, basi hana haja ya kuihudumia. Ratiba ya matengenezo husoma vitu viwili kwa pamoja, saa za kazi na kalenda, na kile kinachotangulia ndicho kinachofuatwa.

Hatua ya kwanza: itambue mashine yako

Kabla ya kuulizia bei ya kitu chochote, tafuta kibao kidogo kilichobandikwa kwenye bano la kufungia mashine. Hapo pameandikwa aina ya mashine, mwaka au msimbo wa toleo, na namba ya mfululizo. Kipige picha iliyo wazi na uihifadhi kwenye simu. Mashine mbili zenye nguvu zilezile na rangi ileile zinaweza kutumia impela tofauti ya pampu ya maji, filta tofauti na plagi tofauti, na muuza vipuri aliye Dar es Salaam hawezi kukisia kwa kusikia tu kwamba una "Yamaha ya 40".

Tambua pia kama ni ya stroki mbili au stroki nne, kwa sababu hesabu nzima ya gharama hubadilika hapo. Ya stroki mbili huchanganyiwa oili kwenye petroli, au hufyonza oili kutoka kwenye tenki lake dogo, na oili hiyo huungua pamoja na mafuta. Ya stroki nne ina oili yake ndani ya injini kama gari, na oili hiyo humwagwa na kubadilishwa. Kisha tafuta kitabu cha mashine. Kama boti ilinunuliwa mkononi na kitabu kikapotea, watengenezaji wakubwa wameweka vitabu vya mashine zao kwenye intaneti, na kurasa za kuchapisha ni zile chache tu zenye jedwali la matengenezo na vipimo vya oili.

Hatua ya pili: hesabu saa, usihesabu safari

Gharama ya matengenezo haiwezi kujulikana bila kujua mashine inafanya kazi saa ngapi kwa mwaka. Mashine kubwa za kisasa zina kipima saa za kazi ndani ya dashibodi yake. Ndogo nyingi hazina, lakini kuna kipima saa kidogo cha bei nafuu ambacho waya wake huzungushwa kwenye waya wa plagi, nacho huhesabu kila mashine inapounguruma. Kukifunga ni kazi ya dakika chache, na sijui kifaa kingine cha bei hiyo kinachomwokolea mmiliki fedha kuliko hicho.

Anayekosa kipima saa atumie daftari. Aandike muda wa kuwasha na wa kuzima, au ahesabu kwa petroli: kama mashine hunywa wastani wa lita 9 kwa saa katika mwendo wa kawaida na umenunua lita 180, basi imefanya kazi saa 20 hivi. Kwa makadirio ya awali, boti ya kasi ikienda Gombe na kurudi hula takriban saa 2 za mashine, wakati safari ya Mahale, iliyo zaidi ya kilomita 100 kusini mwa mji, inaweza kula saa 8 hadi 10 kwenda na kurudi. Familia inayotoka kila mwisho wa wiki ya pili na kwenda Mahale mara moja kwa mwaka itajikuta na saa 60 hadi 80. Nitatumia saa 80 katika mfano wa hesabu hapa chini.

Hatua ya tatu: panga ratiba

Vitabu vya mashine nyingi za stroki nne hufuata mpangilio unaokaribiana. Mashine mpya huhudumiwa ikifikisha saa 20 za kwanza, kwa sababu vyuma vipya husagana na kuacha unga ndani ya oili. Huduma hiyo haifai kurukwa hata kama oili inaonekana safi. Baada ya hapo kuna huduma ya kila saa 100 au kila mwaka, ambayo ndiyo moyo wa bajeti. Kila saa 300 au miaka 3 hubadilishwa au kukaguliwa kwa undani vitu kama thamostati (kidhibiti cha joto la injini) na pampu ya maji, ikiwa havijabadilishwa kabla. Ikifika saa 500 hivi hupimwa nafasi za valvu, na kwa mashine zenye mkanda wa taimingi, yaani mkanda unaozungusha mitambo ya valvu, mkanda huo huwa na kikomo chake, mara nyingi saa 1,000 au miaka 5. Mmiliki wa boti ya matembezi hatafikisha saa 1,000 upesi, lakini miaka 5 itafika, na mkanda ni mpira. Huzeeka ukiwa umefunikwa.

Andika tarehe na saa za kila huduma katika daftari moja, pamoja na bei uliyolipa. Daftari hilo ndilo litakalokuambia mwakani uweke akiba ya kiasi gani, na siku ya kuuza boti litafanya kazi kuliko maneno yako yote. Wakaguzi wa vyombo vidogo vya majini wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usafiri wa majini, nao hutaka kuona chombo kinachotunzwa.

Hatua ya nne: jua kila huduma inabeba nini

Huduma ya mwaka ya mashine ya stroki nne ina oili ya injini na filta yake, oili ya giaboksi na washa za nati zake, plagi, filta ya petroli, grisi, ukaguzi wa anodi na ukaguzi wa pampu ya maji. Vitu hivyo havina uzito sawa. Viwili kati yake, yaani oili ya giaboksi na pampu ya maji, vinastahili maelezo marefu, kwa sababu ni rahisi kununua na ni ghali mno kuvipuuza.

Giaboksi iko chini kabisa ya mguu wa mashine, ndani ya maji wakati wote wa safari, na kinachozuia maji yasiingie ni sili za mpira tu. Kamba ya uvuvi au uzi wa nyavu ukijizungusha nyuma ya propela husaga sili hizo, na ziwani kwetu nyuzi za namna hiyo zipo nyingi. Kwa hiyo kubadilisha oili ya giaboksi ni kuihudumia na kuipima afya kwa wakati mmoja. Weka mashine wima, tega chombo chini, ondoa nati ya chini kwanza, kisha ya juu ili hewa iingie na oili ishuke. Itazame inavyotoka. Ikiwa ya rangi ya asili au nyeusi kiasi, hakuna neno. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, na sili zibadilishwe kabla boti haijarudi majini. Pangusa ncha ya nati ya chini yenye sumaku: unga laini wa chuma ni wa kawaida, lakini vipande vinavyoshikika kwa kucha ni dalili kwamba gia zinakatika. Kujaza hufanywa kutoka chini kwenda juu: oili husukumwa kwa pampu ndogo au tyubu kupitia tundu la chini mpaka itokee tundu la juu bila mapovu, kisha nati ya juu hufungwa kwanza ili oili isishuke wakati wa kuondoa pampu, na ya chini hufuata. Washa za nati zote mbili hubadilishwa kila mara. Ni vitu vya bei ndogo mno, na nimeona mafundi wakizirudisha za zamani kwa sababu mwenye boti hakuzinunua. Miezi michache baadaye maji yamo ndani.

Pampu ya maji nayo ina impela, gurudumu dogo la mpira lenye mapezi, ambalo huvuta maji ya ziwa na kuyapitisha kwenye injini ili kuipoza. Mpira huo hupozwa na kulainishwa na maji yaleyale unayoyavuta, kwa hiyo kuiwasha mashine nje ya maji hata kwa muda mfupi kunauunguza. Mchanga huukwangua, boti inayosukumwa ufukweni huku mashine ikiwa inazunguka katika maji ya magotini hufyonza mchanga moja kwa moja. Na kukaa bila kutumika hukunja mapezi yakabaki yamekunjika. Alama ya uhai wake ni mchirizi wa maji unaotoka pembeni mwa mashine. Kila unapowasha, mchirizi uutazame kabla ya kufungua kamba ya boti. Ukidhoofika au ukikatika, zima mara moja. Tundu lake wakati mwingine huzibwa na mdudu au tope, na waya mwembamba hulizibua, lakini likizibuliwa na mchirizi ukabaki dhaifu, pampu ifunguliwe.

Kwa boti ya matembezi ya ziwani, impela kubadilishwa kila baada ya miaka 2 ni mpango wa busara, huku ikikaguliwa kila mwaka. Kazi yenyewe inahitaji kushusha giaboksi nzima, kwa hiyo malipo ya fundi yanaweza kukaribia bei ya kipuri. Hapo ndipo fedha huokolewa kwa kuunganisha kazi: siku giaboksi inaposhushwa kwa ajili ya impela, badilisha oili yake, kagua sili, na paka grisi ya majini kwenye meno ya shafti, pembeni mwa meno na si kwenye ncha ya juu. Kushusha mguu mara mbili kwa mwaka kwa kazi ambazo zingefanyika siku moja ni kulipa mara mbili.

Mengine ni mepesi. Plagi hununuliwa kwa namba iliyo kwenye kitabu. Kwa plagi za NGK, tarakimu za mwisho baada ya kistari huonyesha nafasi ya cheche, mathalani 9 ni milimita 0.9 na 11 ni milimita 1.1. Oili ya injini iwe na unene uliotajwa kitabuni, na ile ya majini yenye alama ya FC-W ndiyo salama zaidi, ingawa vitabu vya baadhi ya mashine huruhusu oili nzuri ya magari ya daraja fulani. Kwa stroki mbili, alama ya kutafuta ni TC-W3. Oili ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa kwa hewa na kupata joto jingi, nayo huacha masizi katika mashine inayopozwa kwa maji.

Kuhusu anodi, yaani vipande vya chuma laini vinavyoliwa na kutu badala ya mashine, Kigoma si Dar es Salaam. Anodi za zinki zinazouzwa pwani zimekusudiwa maji chumvi. Kwenye maji baridi hujivika ganda gumu na kuacha kufanya kazi huku zikionekana nzima. Agiza za aluminiamu au magnesiamu, na usizipake rangi. Faida yetu ni kwamba hatulazimiki kuisafisha mashine ili kuondoa chumvi baada ya kila safari kama wafanyavyo wenzetu wa pwani, ingawa kuisuuza baada ya kupita penye tope au mchanga ni desturi njema.

Hatua ya tano: weka bei na upige hesabu

Tarakimu zifuatazo ni za mfano wa kukokotoa tu. Msomaji aziondoe na kuweka bei atakazopewa na maduka mawili au matatu, kwa sababu bei za vipuri hupanda na kushuka pamoja na thamani ya shilingi. Mashine ya mfano ni ya stroki nne, nguvu za farasi 40, silinda 3, ikifanya kazi saa 80 kwa mwaka.

Oili ya injini lita 2 kwa 18,000 kila moja ni shilingi 36,000, na filta yake 35,000. Oili ya giaboksi lita 1 ni 20,000, na itabaki akiba. Plagi 3 kwa 12,000 ni 36,000. Washa 2 ni 6,000, filta ya petroli 25,000, grisi 10,000. Impela na vifaa vyake ni 120,000 kila miaka 2, hivyo mwaka mmoja hubeba 60,000. Anodi 40,000 kila miaka 2, yaani 20,000 kwa mwaka. Fundi alipwe 80,000, na usafirishaji wa vipuri uwekewe 30,000. Jumla ni shilingi 358,000. Kisha ongeza akiba ya vitu vya miaka mingi, kama mkanda wa taimingi, thamostati na kupima valvu. Tukisema vyote vitahitaji 600,000 baada ya miaka 5, mwaka mmoja unadai 120,000. Jumla kuu ni shilingi 478,000.

Gawanya kwa saa 80, na kila saa ya mashine inabeba shilingi 5,975 za matengenezo. Sasa rudia hesabu hiyohiyo kwa mtu anayetumia boti saa 20 tu kwa mwaka. Ratiba ya kalenda haimsamehe karibu chochote, kwa hiyo jumla yake haitofautiani sana, na kila saa inambebesha shilingi 23,900. Mtu wa namna hiyo ana sababu nzuri ya kumiliki boti kwa ubia na jirani au ndugu, alimradi daftari liwe moja na fundi awe mmoja.

Linganisha pia na petroli. Kwa lita 9 kwa saa, saa 80 ni lita 720. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni 2,160,000. Matengenezo yote, pamoja na akiba, ni chini ya robo ya fedha hiyo. Bei kikomo ya petroli kwa kila mji hutangazwa na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na kwa kuwa mafuta husafirishwa kutoka bandarini hadi huku magharibi, Kigoma hulipa zaidi ya Dar es Salaam. Kwa hiyo anayetafuta mahali pa kubana matumizi asianzie kwenye filta ya 35,000. Aanzie kwenye mambo yanayoifanya mashine inywe mafuta kupita kiasi, ambayo nitayagusa baadaye.

Stroki mbili: urahisi unaolipiwa kwenye tenki

Wengi husema mashine ya stroki mbili haina gharama ya matengenezo kwa kuwa haina oili ya kumwaga wala valvu. Hilo ni kweli nusu. Katika mchanganyiko wa kawaida wa 50 kwa 1, kila lita 50 za petroli hudai lita 1 ya oili. Tukikadiria kwamba mashine ya stroki mbili ya nguvu zilezile hunywa lita 12 kwa saa, saa 80 ni lita 960 za petroli na lita 19.2 za oili. Kwa 15,000 kwa lita ya oili, hiyo ni shilingi 288,000, dhidi ya 71,000 za oili na filta katika mfano wetu wa kwanza. Na petroli ya ziada ya lita 240 ni shilingi 720,000 nyingine. Giaboksi, impela, plagi na anodi zipo palepale.

Hata hivyo sitamlaumu anayechagua stroki mbili hapa Kigoma. Wavuvi na wenye boti za abiria wamezitumia kwa miaka mingi, mafundi wanazijua gizani, vipuri vyake hupatikana kwa urahisi zaidi, na mashine ikikatika mbali na mji kuna uwezekano mkubwa wa kumpata kijijini mtu anayeweza kuifungua. Kwa anayetembea saa chache kwa mwaka, tofauti ya petroli huwa ndogo na urahisi huo unaweza kuifidia. Kwa anayefikisha saa 100 na zaidi, stroki nne hushinda kwa hesabu. Jambo la kukazia ni kipimo: oili ipimwe kwa chupa yenye alama, mililita 20 kwa kila lita moja ya petroli, na mashine mpya ifuate mchanganyiko mzito zaidi ulioandikwa kitabuni kwa saa zake za kwanza. Kumimina kwa macho ni njia ya mkato ya kuua pistoni.

Hatua ya sita: nunua kwa mwaka, usinunue kwa dharura

Kipuri kinachokosekana Kigoma husafiri zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam, kwa basi, kwa treni au kwa ndege. Nauli ya kifurushi si kubwa. Kinachoumiza ni kununua kitu kimoja kimoja, kila kimoja na nauli yake, na boti ikiwa imekaa ikisubiri. Mwanzoni mwa mwaka tengeneza orodha moja ya vitu vyote vya huduma, ongeza impela ya akiba, seti ya plagi, washa nne na filta mbili za petroli, kisha agiza kwa pamoja. Tuma picha ya kibao cha mashine pamoja na namba za vipuri. Mzigo ukifika, fungua mbele ya aliyeuleta na linganisha kabla ya kutia sahihi.

Tahadhari na oili na vipuri vya kughushi. Kopo la oili ambalo utepe wake umekatwa, au ambalo bei yake iko chini ya nusu ya maduka mengine, lisinunuliwe. Impela bandia hutambulika kwa harufu kali ya mpira na mapezi yasiyolingana. Si kila kipuri kisicho na jina la mtengenezaji wa mashine ni kibaya, kwa maana kuna viwanda vinavyotengeneza filta na anodi nzuri kwa bei ya chini. Lakini kwa impela, sili na thamostati ningeshauri kulipa bei ya asili bila kusita.

Hatua ya saba: patana na fundi kwa maandishi

Tenganisha bei ya kazi na bei ya vifaa. Fundi anayesema "nipe laki mbili nikumalizie kila kitu" anaweza kuwa mwaminifu kabisa, lakini hutajua mwakani kilichobadilishwa na kilichorudishwa. Nunua vifaa mwenyewe, mwandikie orodha ya kazi, na mpatane malipo ya kazi nzima badala ya malipo ya siku. Omba urudishiwe vipuri vya zamani; si kwa kumshuku, bali kwa sababu plagi kuukuu na impela iliyochakaa zina habari ndani yake. Plagi yenye masizi mabichi meusi inasema mafuta yanazidi, na yenye ncha nyeupe iliyoungua inasema joto limepita kiasi.

Kazi nyepesi, kama kubadilisha oili, plagi, filta na grisi, mmiliki anaweza kuzifanya mwenyewe akiwa na spana chache na utulivu. Aondoe waya wa betri na kamba ya usalama kwanza, na asivute sigara karibu na petroli. Impela mtu aifanye baada ya kumwona fundi akiifanya mara moja. Valvu na mkanda wa taimingi amwachie fundi mwenye vipimo.

Mambo yanayopunguza gharama bila kununua chochote

La kwanza ni propela. Uso wa Ziwa Tanganyika uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya kimo hicho huipunguzia mashine ya kawaida asilimia 7 hadi 8 hivi ya nguvu zake. Propela iliyochaguliwa kwa ajili ya pwani inaweza kuwa nzito mno huku. Kitabu hutaja mizunguko ambayo mashine inapaswa kufikia ikiwa imefunguliwa yote, kwa mfano 5,000 hadi 6,000 kwa dakika. Boti yenye mzigo wake wa kawaida ikishindwa kufika hapo, mashine inakokota, inakula mafuta na kujaza masizi. Kupunguza pichi ya propela, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja, kwa inchi 1 huongeza mizunguko 150 hadi 200 hivi.

La pili ni petroli. Chuja kila lita kwa faneli yenye wavu mwembamba, funga filta ya kutenganisha maji kati ya tenki na mashine, na usinunue mafuta ya madumu ambayo hujui yalikaa wapi wakati wa mvua. La tatu ni mwendo: kupunguza kidogo kutoka mwendo wa mwisho, boti ikiwa imekwisha kunyanyuka juu ya maji, huokoa petroli nyingi kuliko kupata bei nzuri ya oili.

Oili iliyomwagwa ihifadhiwe kwenye dumu na ipelekwe gereji inayokusanya. Ziwa hili hubadilisha maji yake polepole mno, na mji unakunywa kutoka humo.

Kuiweka mashine bila kazi na kuirudisha

Ukijua boti itakaa zaidi ya mwezi mmoja, kama inavyotokea kwa wengi wakati wa pepo kali za kiangazi kati ya Mei na Septemba, badilisha oili ya injini kabla ya kuiweka, si baada, kwa kuwa oili iliyotumika ina asidi inayokula vyuma. Chomoa mpira wa petroli huku mashine ikiwa majini na iache ingurume mpaka ijizime, kisha fungua nati ya chini ya kabureta umwage kilichobaki. Mashine ya sindano za mafuta, isiyo na kabureta, haifanyiwi hivyo. Fuata kitabu chake. Iache ikiwa wima ili maji yote yatoke, ondoa betri na uichaji kila mwezi, na funika kwa turubai linalopitisha hewa.

Kabla ya kuirudisha ziwani, tumia petroli mpya, kagua mipira yote kwa kuipinda kwa vidole uone kama ina nyufa, pima oili, kaza nati za kufungia mashine, na iwashe kwa mara ya kwanza ikiwa majini kando ya gati, bila abiria. Iache ingurume taratibu kwa dakika 10, mchirizi wa maji ukitazamwa, ndipo uandike tarehe na saa kwenye daftari.